Figa Limefika Wapi

Mtu akianza kuisema reli vibaya mbele yangu, namnyamazisha. Kuisema ni haki yangu mimi, si yake. Yeye alicheleweshewa mzigo wa samaki, samaki wakaharibika, basi. Mimi reli imenilea, imenipeleka kwa mume, na mwishowe ikanifanyia jambo ambalo mpaka leo sijui niliite jina gani.

Nilizaliwa Kabongo, katika nyumba ambayo ukikohoa uani wanakusikia kwenye gare. Gare ndivyo tunavyoita kituo cha treni huku kwetu. Mama yangu alikuwa mkulima kama ukoo wote, lakini siku ya treni aliliacha jembe, akajitwisha sinia la karanga na mihogo ya kuchemsha, akaenda kusimama chini ya madirisha ya mabehewa. Mikono inatoka, anaweka. Mikono inarudi, anapokea. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye madirisha yale. Chumvi, sabuni, viatu vya komunyo ya kwanza, vyote vilitoka humo. Watoto wa wakulima waliokaa mbali na reli waliacha shule kila mavuno yalipokataa. Sisi hatukuacha. Sisemi hivyo ili niisifu reli. Nasema kwa sababu ni kweli, na ukweli huo ndio uliofanya hasira yangu ikose pa kukaa.

Nilipoolewa Kamina nilikwenda kwa treni. Mama alinifungia masufuria, mkeka, kinu, na gunia dogo zito ambalo wajomba zangu walilinyanyua wakaguna. Ndani yake mlikuwa na mafiga matatu, yale ya jikoni kwake. Watu wakamcheka. Kwani Kamina hakuna mawe? Mama akawaambia mawe yako kila mahali, ila haya yameshazoea moto wake, na mwali asianze ndoa kwa kufundisha mawe. Mkaguzi wa tiketi alipouliza gunia lina nini, nikamwambia ni jiko la mama. Akacheka, akapita. Mafiga yale nimepikia tangu siku ile. Nimepikia wanangu, nimepikia matanga ya mume wangu. Yamekuwa meusi tii, hata ukiyasugua na mchanga hayabadiliki.

Kisha ukaja ule wakati treni za abiria zilipokoma. Sitaeleza sababu, maana kila mtu ana yake, na wanaojua hawasemi. Najua tu kwamba majani yaliota katikati ya reli, mbuzi wakawa wanalala juu yake. Nilikuwa nikiuza unga wa mihogo sokoni, na unga wenyewe ulianza kuja kwa baiskeli, mifuko mitatu na mwanamume mmoja akisukuma siku nyingi, miguu imepasuka. Mji mzima ulikuwa kama mtu aliyefungwa mkono. Kwa hiyo iliposikika redioni kwamba mabehewa yametengenezwa, kwamba treni inarudi na itapita Kamina kwenda Kabongo na mbele, nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Sina aibu kulisema.

Wiki ileile mdogo wangu akanipigia simu kutoka Kabongo. Yeye ndiye aliyebaki na mama, na huniita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya,” akasema, “mama hainuke tena. Anakunywa maji tu. Anakuuliza weye.”

Nikamwuliza mganga wa zahanati amesema nini.

“Anasema uzee. Anasema tukae naye karibu. Yaya, ukuye.”

Njoo, alisema. Kwa njia gani? Mvua zilikuwa zimekata barabara, daraja limelala mtoni, na vijana wa pikipiki waliothubutu walirudi wakizisukuma, matope mpaka kifuani. Mimi nyonga yangu iliharibika tangu nilipoanguka na baiskeli. Hata kufika sokoni nachechemea. Njia yangu ilikuwa moja tu, treni. Nilitaka kumwona mama akiwa hai. Sikutaka kitu kingine. Kuzika watazika wengine, ila kuna maneno mtu huyasema kwa aliye hai, na mimi nilikuwa sijayasema.

Sasa nieleze desturi yetu ya gare, kwa sababu asiyeijua atatuona wendawazimu. Treni kwetu haina saa. Inatangazwa, kisha inangojwa, na kuingoja huko kunaweza kula siku nyingi. Watu wana watoto, wana mashamba, hawawezi kusimama mstarini mchana na usiku. Basi kila mtu huweka jiwe. Mawe yanapangwa moja nyuma ya jingine, kuanzia chini ya dirisha la tiketi kufuata ukuta wote wa gare, na jiwe lako ndilo wewe. Ukiweka sufuria itaibwa, ukiweka kiatu mbwa atakichukua. Jiwe halina mwizi. Sharti uje asubuhi na jioni ulione na uonekane. Asiyeonekana siku mbili, jiwe lake linatolewa, na wa nyuma wanasogeza. Hakuna askari anayesimamia jambo hili, na hakuna karatasi. Nimeona watu wakitukanana kanisani, lakini kwenye mstari wa mawe sijaona mtu akisogeza la mwenzake.

Jiwe zuri ni lile linalojulikana. Nilimweleza mama kwa simu, mdogo wangu amemwekea sikioni, kwamba nakwenda kutafuta jiwe la kuweka. Sauti yake ilikuwa imekwisha, lakini akili ilikuwa kamili.

“Peleka figa,” akasema. “Ile nyeusi. Nani atasema ni yake?”

Nikaling'oa figa moja jikoni. Nikabaki napikia mafiga mawili na kopo la rangi nililolijaza udongo, sufuria ikiinama upande kila ninaposonga bukari, ugali wetu. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mawili nayo, nawaambia, yanakiinjika kwa matusi. Nikalibeba figa kwa kitambaa kichwani mpaka gare, nikaliweka mkiani mwa mstari. Mbele yake palikuwa na jiwe jeupe lenye umbo la kiazi, na juu ya ukingo, karibu na jiwe hilo, alikaa mwenyewe.

Alikuwa mama wa Kiislamu, wa zile familia zilizotoka Maniema zamani kwa biashara na zikabaki. Alikuwa akiuza sabuni na vitenge, na alikuwa na marobota yake ya kupeleka soko la Kabongo. Alinitazama na figa langu kichwani, akasema, “Mama wa unga, umehama na jiko?”

“Nimelileta likupikie,” nikamwambia, “naona umekonda kwa kungoja.”

Hakuwa amekonda hata kidogo. Alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu hapo tukawa tunachungiana. Akienda kuswali, mimi naangalia kiazi chake. Nikienda misa, yeye anaangalia figa langu. Tulikuwa tunagombana kila siku juu ya jambo fulani: bei ya sabuni, au waume, au kama sombe, kisamvu chetu, inawekwa mawese mwanzo au mwisho. Mbele yetu ulikuwa mstari mrefu, na nyuma yetu ukawa mrefu zaidi.

Kila jioni mdogo wangu alinipigia, na kila jioni swali la mama lilikuwa lilelile. Hakuuliza kama nimekula. Hakuuliza habari za wajukuu.

“Anauliza, figa limefika wapi?”

Nami nilimwambia. Limefika penye nguzo ya kwanza. Mwanamume mmoja alikata tamaa akachukua jiwe lake akaenda na miguu, tukasogea. Limefika chini ya saa iliyokufa. Limefika penye mlango wa ghala. Mama alikuwa anaijua gare ya Kamina, alishawahi kuja mara nyingi zile siku za treni nzuri, kwa hiyo aliona kila mahali nilipomtajia. Mdogo wangu alisema akishaambiwa hunyamaza, hulala kidogo. Siku moja mama akaongeza, “Mwambie asisukume bantu.” Watu, yaani. Nilicheka kwenye simu, kisha nikakaa chini palepale, nikalia mbele za watu. Mama wa sabuni alinifunika uso na kitenge kipya kutoka kwenye robota lake, akasema nikikichafua nitakinunua.

Treni ilikuwa bado haijaja, kwa sababu ilikuwa inangoja sherehe. Tulilijua hilo polepole. Shirika la reli lilitaka kurudi kwake kusherehekewe vizuri. Wageni wa heshima watatoka Lubumbashi, kutakuwa na fanfare, bendi ya matarumbeta, na hotuba juu ya yote yaliyofanywa kwa ajili ya wananchi. Kamati ya sherehe ikaundwa mjini. Akina mama wakashonewa kitenge cha namna moja. Paa la gare likapigwa mabati mapya, na lilikuwa zuri, nakiri, maana la zamani lilikuwa linavuja kwenye vichwa vyetu. Tulikuwa tunatazama wanavyopiga misumari, na tuliona fahari. Mimi pia. Nilikuwa nawaza, treni ya mama yangu inatengenezewa nyumba.

Jioni moja mdogo wangu hakuanza na swali. Nikasikia watu nyuma yake wanasali rozari.

“Hali tena,” akasema. “Hata maji.”

“Mwambie kesho,” nikasema. “Treni iko kesho. Wametangaza.”

“Figa limefika wapi?”

“Bado penye ghala,” nikasema. Sikuweza kumdanganya mama, hata kupitia mtu mwingine. Najuta. Ningedanganya.

Simu yangu ilikuwa inazima. Nikaipeleka kwenye kibanda cha kuchaji kando ya gare, nikaiacha humo na nyingine zilizolala juu ya meza kama dagaa, nikaenda kufunga mzigo wangu.

Asubuhi nilipofika gare nilidhani nimepotea. Ukumbi wote ulikuwa umefagiwa na kumwagiwa maji. Bendera ndogo zilining'inia kwenye kamba. Kutoka barabarani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka dirisha la tiketi, palikuwa na njia safi ya kupitia wageni, na pande zote mbili za njia palikuwa na mawe yaliyopangwa vizuri, yamepakwa chokaa, meupe, mazuri, mengine bado yana maji.

Mstari haukuwepo.

Waliofanya hivyo walikuwa vibarua wa kamati, vijana wa mtaa mwingine, na mimi siwalaani. Waliambiwa gare isafishwe na njia ipambwe kwa mawe. Wakakuta mawe mengi yamerundikana bila kazi kando ya ukuta. Mtu gani, akiambiwa tafuta mawe na akakuta mawe, ataanza kuyauliza ninyi ni nani?

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu, sisi wenyewe, na hakuna wa kumsingizia. Badala ya kukaa tukafikiri, tuliyavamia mawe. Watu wazima, akina baba wenye makoti ya kusafiria, akina mama wenye watoto mgongoni, tulipiga magoti tukaanza kukwangua chokaa kwa kucha. “Hii jibwe ni yangu.” “Si yako, yako ilikuwa na ufa.” “Lete nione chini.” Wawili walilivuta jiwe moja huku na huku, nao ni mtu na shemeji yake. Tulikuwa tumezoea kwamba jiwe ni mtu. Tukaona tukilipata jiwe tumejipata.

Mimi nililipata figa langu. Lilikuwa chini kabisa ya dirisha la tiketi, la kwanza upande wa kushoto, karibu liguse ukuta. Nilikwangua, na chini ya weupe ukatokea ule weusi wa jiko letu. Nilifurahi kama mjinga. Kama lingekuwa na mkono lingegonga dirisha. Nikageuka kumwonyesha mama wa sabuni, naye alikuwa amekumbatia kiazi chake, chokaa mpaka kwenye mtandio, na ananitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake.

“Mama,” akasema taratibu, “tumepata mawe. Mulongo iko wapi?” Mstari, alimaanisha.

Tulipoinua vichwa, dirisha lilikuwa limefunguliwa. Mbele yake walikuwa wamesimama watu wasafi, waliokuja kwa ajili ya sherehe: waimbaji wa kwaya, jamaa za wanakamati, akina mama wa kitenge cha namna moja. Hawakuiba kitu. Walikuta dirisha wazi, hakuna mtu amesimama, wakasimama. Kwamba wale waliokuwa wanachokora chini kama kuku ndio mstari wa siku zote zile, wangejuaje?

Treni iliingia wakati huohuo. Ilipiga honi toka mbali, fanfare ikaanza, watu wakapiga kelele za furaha, na mimi, Vidye Mungu anisamehe, nilitokwa na machozi ya furaha pamoja nao, mikono yangu imejaa chokaa. Mabehewa yalikuwa yamepakwa rangi. Yalikuwa mazuri. Mgeni mkubwa akapanda jukwaani akaanza kutaja yaliyotendeka. Reli imeondolewa majani. Injini imefufuliwa. Mwananchi atauza mahindi yake, mgonjwa atafika hospitalini, mtoto atamwona mzazi wake. Nilisikia kila neno, kwa sababu spika ilikuwa juu ya kichwa changu. Mtoto atamwona mzazi wake. Hakusema uongo hata mara moja, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nilichechemea mbio mpaka kwenye kibanda cha simu nimpigie mdogo wangu. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Vibanda vyote vya kando ya gare viliamriwa vifungwe mpaka sherehe iishe. Nilitazama kwenye ufa wa ubao, nikaiona meza, nikaona taa ndogo za simu zikiwaka gizani. Moja ilikuwa inaita. Sikuweza kujua ni ya nani. Niliupiga ule ubao kwa kiganja mpaka mzee mmoja akanishika mkono.

Nikarudi. Wenzangu walikuwa wameshaacha mawe, na sasa walikuwa wanafanya kile ambacho tulipaswa kukifanya tangu mwanzo. Mwalimu mmoja mstaafu alisimama nyuma ya wale watu wa sherehe, akasema kwa sauti, “Minyi nilikuwa wa kwanza. Nani alikuwa nyuma yangu?” Mtu akajibu, akasimama nyuma yake. “Na nyuma yako?” Hivyo hivyo. Kila mtu aliulizwa amtaje aliyekuwa mbele yake, na aliyetajwa akakubali. Mstari ukaota tena, wa watu safari hii. Ilikuwa ajabu kuutazama. Hakuna aliyegombana.

Ikafika zamu yetu. Mwanamume aliyekuwa mbele ya mama wa sabuni, akiwa na jogoo kikapuni, akauliza, “Nyuma yangu nani?”

Siku zote zile alikuwa ameliona jiwe jeupe nyuma ya lake, na alikuwa amewaona wanawake wawili wanaogombana juu ya mawese. Lakini yupi wa wapi, hakukumbuka.

“Huyu mama,” akasema mama wa sabuni, akanisukuma mgongoni kwa robota. “Miye nilikuwa nyuma yake.”

Niligeuka. Alikuwa anatazama kwingine, kama mtu anayehesabu mabati ya paa.

“Mama,” nikaanza.

“Simama vizuri,” akasema kwa ukali. “Unafungia bantu njia.”

Nikasimama vizuri.

Mstari ulikwenda. Mwalimu akapata, na wa nyuma yake akapata, kwa sababu wale wa sherehe wengi walitaka tu kwenda kituo cha jirani, wapige picha, warudi, na tiketi za mbali zikabaki. Nikaanza kutumaini. Mwanamume wa jogoo akapata. Nikapata mimi. Mwenye dirisha akanipa kile kikaratasi, kisha akamtazama mama wa sabuni, akafungua mikono yake mitupu.

“Basi,” akasema. “Mpaka ijayo.”

Marobota ya mama wa sabuni yalikuwa yamefungwa tayari, na soko la Kabongo lilikuwa linamngoja kama lilivyomngoja siku zote zile. Hakulia wala hakulalamika. Nilimshika mkono nikataka kusema neno, akautoa.

“Kamusalimie,” akasema. “Umwambie kuna mama mmoja wa Kamina anasema sombe inawekwa mawese mwisho.”

Nilipanda bila simu, kibanda kilikuwa bado kimefungwa. Nikaliacha figa palepale chini ya dirisha, maana mikono yangu ilikuwa na mzigo, na mama wa sabuni aliniambia kwa ishara kwamba atalichunga.

Safari ile siwezi kuilaumu. Nilipewa kiti. Mkaguzi aliposikia naenda wapi na kwa nini, alimwondoa kijana wa kwaya karibu na dirisha, akaniambia, “Kaa hapa, mama, upate hewa.” Katika kila kituo kidogo watu walikuwa wametoka mashambani kuitazama treni. Waliishika kwa viganja, ubavuni, kama unavyomshika ng'ombe uliyedhani amepotea. Mwanamke mmoja alinyoosha sinia la karanga kwenye dirisha langu. Nilinunua, nikaziweka mapajani. Njiani tulisimama muda mrefu kungoja treni ya mizigo ipite, kwa sababu reli ni moja, na watu wakashuka wakapika. Mimi sikushuka. Nilikaa na tiketi mkononi, ingawa ilishakatwa na hakuna tena aliyekuwa anaitaka. Kila nilipofumba macho niliona ile taa ya simu inaita mezani.

Tulifika Kabongo siku ya pili, jua limeshapinda. Nilishuka nikachechemea njia ile ile ya utotoni, na kabla sijafika uani nilisikia kimya. Msiba una sauti. Lakini msiba ambao umeshazika una kimya chake, cha watu waliokaa kwenye mikeka na hawana tena kazi ya kufanya. Walipoinua macho wakaniona, mashangazi waliinuka wakaanza kulia upya, na hapo nikajua.

Walikuwa wamemzika asubuhi ile. Walinipigia, walipiga tena na tena, simu ikaita bila kupokelewa, kisha ikanyamaza. Joto halikuwaruhusu kungoja. Mdogo wangu alinipeleka kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi, na mvua ilikuwa imeacha vishimo vidogo juu yake. Nililala juu yake, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu. Yale maneno niliyokuwa nimeyabeba kutoka Kamina niliyasema pale. Si ya kuandikwa.

Mdogo wangu hakulia mpaka jioni. Alikuwa amekaa jikoni kwa mama, penye mafiga mengine aliyoyatafuta mama baada ya kunipa yale yake, na alikuwa anachokoa majivu kwa kijiti. Ana nywele nyeupe naye, lakini pale nilimwona vile alivyokuwa utotoni akiogopa kuadhibiwa.

“Yaya,” akasema, “kuko kintu nilifanya.”

Nikamwambia aseme.

“Jana asubuhi aliamuka, akauliza. Figa limefika wapi. Nikapiga simu yako, hapana. Nikapiga tena, hapana. Akauliza tena. Nilikuwa naona anaenda, yaya. Nikamwambia limefika ku dirisha. Nikamwambia, mama, figa lako liko ku dirisha sasa bile, la kwanza kabisa.” Akafuta uso kwa mkono wenye majivu. “Akasema, basi, amefika. Akafunga macho. Hakuyafungua tena. Nilidanganya mama yangu akiwa anakufa.”

Nilikaa karibu naye chini. Kwenye kucha zangu chokaa ilikuwa bado imo, sikuwa nimenawa tangu Kamina. Nilimpa mkono wangu autazame, kisha nikamweleza asubuhi ile ya jana, polepole, toka mwanzo: njia ya wageni, mawe meupe, na lile la kwanza upande wa kushoto.

“Hukudanganya,” nikamwambia. “Lilikuwa dirishani.”